Motokari ya Marehemu Baba: Ni ya Nani?



Hapa Likasi kazi ya kufufua motokari za zamani si jambo geni. Ukipita Panda, Kikula au Shituru siku ya Jumamosi, utasikia nyundo ikigonga bati nyuma ya nyumba. Ukichungulia katika lupango utaona moteri imening'inizwa kwa mnyororo katika tawi la mwembe, na vijana wamemzunguka fundi kama wanafunzi wamzungukavyo mwalimu. Kazi hiyo ni njema. Lakini kazi njema nayo ina mafumbo yake, na mara nyingi fumbo haliko katika chuma bali katika mioyo ya watu. Leo twataka kulitazama fumbo moja la namna hiyo, maana laweza kuwagombanisha watoto wa tumbo moja, na ni afadhali kulifikiri wakati watu wametulia kuliko wakati wamekwisha kushikana mashati.

Fumbo lenyewe

Tuseme hivi. Mzee mmoja wa Panda alinunua Peugeot 404 iliyokwisha kutumika. Aliiendesha miaka mingi, akaenda nayo kazini na kanisani, akapelekea nayo wagonjwa wa jirani hospitali. Mwaka 1992 moteri ikachoka, fedha za kuitengeneza hakuna, akaiweka juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku wakatagia katika kiti cha nyuma. Mwaka 2009 mzee akafariki, akaacha mjane na watoto wanne. Mali nyingine waligawana. Motokari hakuna aliyeitaja, maana wote waliiona kuwa kutu tu.

Mwaka 2012 mtoto wa tatu, ambaye ni fundi, alimwendea mama yake akaomba funguo. Mama akampa. Yule fundi akaivuta mpaka kwake, akafanya kazi kila Jumamosi kwa muda wa miaka 7, na vipuri vyote akavilipa kwa fedha yake. Mwaka 2019 motokari ikatoka, rangi ya maziwa, inang'aa, inaunguruma kwa sauti tulivu. Watu wakaanza kuikodi kwa arusi. Halafu akaja mfanyabiashara wa Lubumbashi, akasema atatoa dola 9,000.

Siku ile ile ndugu wakakumbuka kwamba baba yao alikuwa na motokari.

Kaka mkubwa asema, "Ni ya baba. Karatasi zina jina la baba. Wewe uliitengeneza tu, nasi hatukukutuma." Fundi ajibu, "Baba aliacha kutu. Tazama ndani, utaona chuma gani cha baba kilichosalia? Hii niliizaa mimi." Dada yao hataki fedha, lakini hataki iuzwe, maana alipoolewa alipelekwa kanisani ndani yake. Kitinda mimba anataka fungu lake, apate kulipia masomo. Mjomba naye amefika, akidai kwamba kwa desturi ya ukoo wao mali ya marehemu haigawanywi bila yeye. Mama amekaa kimya, analia.

Haya, msomaji, wewe ungehukumuje?

Tuijue kazi kabla ya kuhukumu

Wengine huhukumu upesi kwa sababu hawajui jinsi kazi ile ilivyo. Peugeot 404 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa katika nyumba ya Pininfarina ya Italia. Moteri yake iliyojulikana sana ina ujazo wa sentimita za mchemraba 1,618, nayo imelazwa ubavu, na fimbo ya gia iko kwenye usukani. Katika ekseli ya nyuma mna parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hivyo hata sisi watu wa nchi ya shaba twaweza kuionea fahari kidogo. Ilishinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na sifa yake ikaenea kila mahali penye barabara mbaya. Sasa haitengenezwi tena. Kipuri chake hukipati dukani kama unga: wakitoa katika nyingine iliyokufa, au wakichonga mwenyewe.

Anayeifufua huanza kwa kuifungua yote. Kila bolti huiweka katika kopo lenye jina lake, maana bolti iliyopotea humpotezea siku nzima. Kisha hukata bati lililooza, hasa la sakafuni na chini ya milango, na kulehemu jipya. Bati tupu lisilale usiku bila rangi ya kwanza wakati wa masika yetu, toka Novemba hata Aprili, la sivyo kutu hurudi kabla ya jua la kesho. Katika moteri hiyo silinda hutoka moja moja kama vikombe, zikawekwa nyingine. Mipira ya breki iliyokaa bila kazi huoza, yote ibadilishwe. Nyaya nazo ni vilevile, panya wamekwisha kuzitafuna. Kwa hiyo fundi wetu hasemi uongo anaposema kwamba alibadilisha sehemu kubwa ya chuma chote.

Ujuzi huo haukushuka kutoka mbinguni. Mji wetu, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikuzwa na kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, na hapo Panda palikuwa na karakana kuu zenye tanuru za kuyeyushia chuma na mashini za kuchongea. Baba zetu walijifunza humo. Baadaye kazi ilishikwa na Gécamines. Ilipodhoofika, mwaka 2003 ulianzishwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi. Waliondoka na fedha kidogo, lakini waliondoka pia na mikono yao. Ujuzi wa kiwanda ukaingia katika nyua za nyumba, baba akamfundisha mwana chini ya mwembe.

Wala si kwetu tu. Huko Kalifornia, Marekani, toka miaka ya 1930 vijana wasio na fedha walinunua Ford kuukuu, wakaondoa kila kilicho kizito, wakatia moteri yenye nguvu zaidi, hasa ile ya silinda 8 iliyotoka mwaka 1932, wakaenda kushindana katika maziwa yaliyokauka. Wamarekani huziita hot rod. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 askari waliorudi na ujuzi wa mashini waliizidisha sana kazi hiyo. Tofauti ni hii: fundi anayefufua ataka motokari irudi kama ilivyokuwa, fundi wa hot rod ataka iwe kitu ambacho hakijawa. Tuikumbuke tofauti hiyo, maana tutaihitaji.

Je, ni ile ile?

Ugomvi wa kaka na fundi, ukiutazama vizuri, ni ugomvi wa zamani sana. Mwandishi Plutarko alisimulia kwamba watu wa Athene walihifadhi merikebu ya shujaa wao Teseo, iliyokuwa na makasia 30. Ubao ulipooza, waliutoa wakatia mpya, na hivyo vizazi kwa vizazi. Wenye hekima wakabishana: wengine wakasema ni merikebu ile ile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akauongeza ugumu: je, kama mtu angaliziokota mbao zile kuukuu zote, akaziunga tena kwa taratibu yake ya kwanza, merikebu zingekuwa mbili, na ya Teseo ingekuwa ipi?

Hilo si neno la mchezo. Tuseme jirani wa fundi ameokota mabati na silinda zote zilizotupwa, akaziunga, akapata mzoga wa 404 usioenda. Chuma cha baba kiko kwake. Je, kaka mkubwa atakwenda kudai urithi kwa jirani? Hatakwenda. Basi yeye mwenyewe anakiri, bila kujua, kwamba motokari ya baba si chuma tu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipoeleza jinsi mtu anavyobaki yule yule ingawa mwili wake hupokea chakula kipya kila siku, alitoa mfano wa moto: kuni huteketea, nyingine huongezwa, na moto ni ule ule. Lakini yatupasa kuwa waangalifu. Mtu ana roho inayoushika mwili wake na kuufanya kuwa mmoja. Motokari haina roho. Hakuna kitu ndani yake kinachosema "mimi". Kama ni ile ile, ni kwa sababu ya watu: wanaoikumbuka, wanaoitumia, wanaoiita kwa jina, waliotia sahihi karatasi zake.

Kwa hiyo swali la kwamba ni ile ile haliwezi kujibiwa kwa kupima chuma kwa mizani. Ukiuliza juu ya chuma, fundi ana haki: kimesalia kidogo. Ukiuliza juu ya umbo, kaka ana haki, maana iliingia 404 ikatoka 404, wala hakuna aliyeitambua kuwa kitu kingine. Ukiuliza juu ya kumbukumbu, dada ana haki, maana ndiyo ile iliyompeleka kanisani. Wote watatu wasema kweli, kila mmoja kwa upande wake. Kosa lao ni moja tu: kila mmoja anadhani kwamba upande wake mmoja watosha kuhukumu wote.

Waroma walisema nini

Wanasheria wa Roma ya kale waligombana juu ya jambo lililo karibu na hili. Mtu ametengeneza kitu kwa mali ya mwenzake: kitu ni cha nani? Wafuasi wa Sabino walisema ni cha mwenye mali, maana bila mali hakuna kitu. Wafuasi wa Prokulo walisema ni cha fundi, maana kitu hicho hakikuwako mpaka alipokitengeneza. Kaisari Justiniano, katika kitabu cha sheria cha mwaka 533, akachagua njia ya kati. Kama kitu chaweza kurudishwa kuwa mali ile ya kwanza, ni cha mwenye mali: kikombe cha shaba huyeyushwa kikawa shaba tena. Kama hakirudi, ni cha fundi: divai hairudi kuwa zabibu. Tena kama fundi ametia sehemu ya mali yake mwenyewe, kitu ni cha fundi.

Fundi wetu akisikia hayo atafurahi. "Kutu hairudi," atasema, "tena nimetia mali yangu." Lakini asifurahi upesi. Kwanza, shauri la Waroma lilihusu kitu kipya, cha namna nyingine: zabibu kuwa divai. Hapa 404 haikugeuka kuwa kitu cha namna nyingine. Pili, yeye si mgeni aliyeokota mali porini. Alijua tangu mwanzo kwamba baba aliacha watoto wanne.

Tena tazameni ajabu. Kama fundi angalikata paa, akaondoa milango, akatia moteri kubwa, akafanya hot rod, hapo angaliweza kusema kwamba ametengeneza kitu kipya, na sheria ile ya kale ingalimpa haki kubwa zaidi. Basi je, aliyeitunza sura ya motokari ya baba apate kidogo, na ambaye angaliiharibu apate yote? Moyo wa kila mtu mwema unakataa. Kwa hiyo sheria ya Waroma yatusaidia kufikiri, lakini haitoshi kutupatanisha.

Desturi na sheria ya nchi

Mjomba naye tusimdharau. Kwa Walamba na Wabemba mali ilifuata ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na neno. Kwa Waluba wa Katanga ilifuata ukoo wa baba. Katika mji kama Likasi, ambapo kazi ya migodi ilikusanya makabila mengi, desturi hizo zimekutana katika nyumba moja. Ndiyo sababu Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliweka kanuni moja kwa wote: watoto wa marehemu hupata sehemu kubwa ya urithi, yaani robo tatu, nao wagawane kwa mafungu sawasawa, wa kiume na wa kike. Robo iliyobaki ni ya mjane na jamaa wa karibu. Basi mjomba asikilizwe kama mshauri na mpatanishi, wala asije na kamba ya kuvutia motokari.

Haki ya kila mmoja

Sasa tujaribu kuhukumu wenyewe. Twaona katika motokari hii vitu vitatu vilivyochanganyika, na kazi ya hakimu ni kuvitenga.

Kitu cha kwanza ni mzoga aliouacha baba. Ulikuwa na thamani yake, hata kama ni ndogo. Mwaka 2012 mnunuzi wa vyuma vikuukuu angalitoa, tuseme, dola 400. Hizo ni za warithi wote.

Kitu cha pili ni jasho na fedha ya fundi. Vipuri, bati, rangi na gesi ya kulehemu vimemla dola 3,500. Jumamosi za miaka 7 ni masaa 2,000 na zaidi. Hata tukihesabu 2,000 tu kwa dola 1 na nusu kwa saa, ujira mdogo kwa kazi ya namna hiyo, ni dola 3,000. Jumla 6,500. Hizo ni zake. Kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi ya kulilia mbinguni, na haipungui kuwa dhambi kwa sababu mfanyakazi ni ndugu yako.

Mpaka hapa tumefika dola 6,900. Lakini mfanyabiashara atoa 9,000. Hizi 2,100 zilizozidi zimetoka wapi? Hapo ndipo fumbo lilipo.

Fundi atasema, "Nazo ni zangu, maana bila mimi mfanyabiashara asingalikuja." Twamjibu: Ndugu, kama ungalitia jasho lile lile katika mkokoteni, ungalipewa ujira wa mkokoteni. Bei imepanda kwa sababu kitu chenyewe ni adimu, kwa sababu kina sifa, na kwa sababu baba yako hakukiuza kwa mnunuzi wa vyuma katika miaka ya njaa, alipokuwa na sababu nyingi za kukiuza. Ziada hiyo haikutoka katika nyundo yako peke yake.

Kaka mkubwa atasema, "Nani alimtuma? Anayejenga katika shamba la mwenziwe amepoteza matofali yake." Twamjibu: Mzee, kwa miaka 7 ulipita uani kwake. Uliona, ukacheka, hukumkataza. Wakati moteri ilipokuwa vipande vipande hukusema kwamba ni mali yako, wala hukuleta hata mkebe wa rangi. Anayenyamaza wakati wa gharama na kusema wakati wa faida hana haki ya kuuita ukimya wake kuwa haki. Lakini wewe fundi nawe, ukimya wa ndugu si ruhusa kamili. Ulimwomba mama funguo, ukafanya vema. Ulipaswa kuwaita na wenzako, hata kwa neno moja.

Basi twaona kwamba zile 2,100 pamoja na zile 400 za kwanza, yaani dola 2,500, ndizo urithi wa kweli. Humo mama mjane apate fungu lake kwanza, kisha watoto wagawane kilichobaki sawasawa, fundi naye akiwa mmoja wao. Kitinda mimba atapata cha kusaidia masomo. Hakuna atakayetajirika, na hakuna atakayeibiwa.

Kitu cha tatu hakiingii katika hesabu, nacho ni kumbukumbu. Dada amekwisha kusema neno lililo kubwa kuliko fedha, lakini kwa kuwa hakutaja fedha, hakuna aliyemsikiliza. Kumbukumbu haigawanyiki. Ukiikata vipande vinne, hakuna apataye robo. Wote hupata sifuri. Kitu kisichogawanyika hakina budi kutumiwa pamoja. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba fundi apewe nafasi ya kwanza ya kuwalipa wenzake mafungu yao polepole, kwa fedha ya arusi inazokodiwa, na motokari ibaki kwake. Naye aahidi mbele ya mashahidi kwamba arusi na mazishi ya jamaa hailipiwi, na kwamba haitauzwa nje bila kuwauliza kwanza. Wakishindwa kukubaliana, iuzwe, wagawane kama tulivyosema. Afadhali kuuza motokari kuliko kuuza undugu.

Maneno matatu kwa mafundi

Hatutaki kumaliza bila kusema na mafundi wenyewe, maana haki haiko kati ya ndugu tu, bali pia kati ya fundi na mnunuzi, na kati ya fundi na mpita njia.

La kwanza ni ukweli. Kila motokari ina namba iliyopigwa katika chuma chake, na namba hiyo imeandikwa katika karatasi. Kuing'oa namba ya iliyokufa na kuipachika katika nyingine ni kutoa ushuhuda wa uongo kwa patasi. Ukiuza, sema: sakafu ni mpya, moteri ilitoka katika nyingine, rangi si ile ya kwanza. Tumekwisha kuona kwamba umoja wa motokari unatoka katika maneno na kumbukumbu za watu. Basi anayedanganya juu yake anauharibu umoja wenyewe, si bei tu.

La pili ni asili ya vipuri. Fundi akiletewa usiku kipande cha shaba, waya mnene au chuma cha reli kwa bei ya chini mno, asijifanye hajui. Anayemnunulia mwizi anampa mshahara. Mara ngapi mtaa mzima umekaa gizani kwa waya mmoja uliokatwa!

La tatu ni breki. Wale vijana wa Amerika walijifunza kwa uchungu. Ford za zamani zilisimamishwa kwa vyuma na nyaya tu. Breki za maji zilitiwa katika Ford za mwaka 1939. Kijana aliyetia moteri yenye nguvu mara mbili na kuacha breki zile zile alikuwa na uwezo wa kwenda bila uwezo wa kusimama. Mwaka 1951 kikaundwa chama cha taifa cha kuwatoa barabarani, kuwapa mahali pa kushindania, na kuwawekea kanuni za usalama. Hapa kwetu hatari ni ya namna nyingine. Motokari nyingi zatoka Japani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, usukani uko kuume, na mafundi huuhamisha kushoto. Kiungo kimoja cha usukani kilicholehemiwa vibaya, na mtoto atokaye shuleni hatafika nyumbani. Fundi mwenye dhamiri huanza na breki na usukani, rangi humaliza. Anayeanza na rangi ajiulize anamtengenezea nani.

Mfano wa kufuata

Afrika Mashariki inamkumbuka Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akafariki mwaka 2013. Alikuwa fundi kabla ya kuwa mshindani. Aliinunua Volvo PV544 iliyokwisha kushindanishwa katika Safari Rally ya mwaka 1964, akaitengeneza upya pamoja na ndugu yake Jaswant, na mwaka 1965 wote wawili wakashinda nayo. Watu husifu mwendo wake. Sisi twasifu jambo jingine pia: alinunua kwanza, kisha akatengeneza. Kabla ya kugusa bolti, ilijulikana ni mali ya nani. Na ndugu wawili waliingia kazini pamoja toka mwanzo, wakashiriki uchovu, kisha wakashiriki furaha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, msomaji, kama nyuma ya nyumba ya baba yako iko motokari juu ya mawe, au mashini ya kushona, au baiskeli, na mmoja wenu ataka kuifufua, fanyeni mambo matatu. Kaeni pamoja mbele ya mama. Kadirieni thamani yake ilivyo leo, mkaiandike. Kisha andikeni fundi atapata nini na wengine watapata nini siku itakapopona, na kila mmoja atie sahihi. Karatasi moja na nusu saa ya maneno vitatosha. Halafu mpeni fundi funguo, na Jumamosi ijayo mmoja wenu aende kumshikia taa.